Mencken na Shajara Aliyoiacha Imefungwa

Tarehe 29 Januari 1981 ulitimia muda ambao Henry Louis Mencken alikuwa ameuweka mwenyewe. Alifariki usingizini siku kama hiyo mwaka 1956, nyumbani kwake Baltimore, na shajara yake, aliyoiandika kwa takriban miaka 18, iliachwa katika maktaba ya umma ya Enoch Pratt kwa agizo kwamba isifunguliwe hadi miaka 25 ipite baada ya kifo chake. Maktaba ilitii. Wakati karatasi zile zinafunguliwa, wengi wa waliotajwa ndani yake walikuwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Mencken mwenyewe, ambaye katika miaka ya 1920 ni vigumu kumtaja mwandishi wa magazeti wa Marekani aliyenukuliwa na kulaaniwa kuliko yeye, alikuwa amebaki jina la kwenye historia ya fasihi. Kisha mwishoni mwa 1989 sehemu ya shajara hiyo ikachapishwa kuwa kitabu, na jina lake likarudi katika habari za siku kwa sababu ambayo marafiki zake wasingeitamani.

Nimeisoma shajara hiyo na kuirudia, na kila nikiifunga nabaki na ubishi ule ule. Wengi walioipokea wakati ule walisema kwamba sasa hatimaye tumemwona Mencken wa kweli, kana kwamba vitabu na makala zake za miaka 50 zilikuwa vazi tu, na shajara ndiyo mwili. Mimi sikubali kwamba ukweli wa mtu hukaa kwenye shajara peke yake. Wala sikubali, kwa upande wa pili, kwamba aliyoyaandika humo yasamehewe kwa kuwa yalikuwa ya faragha. Nitajaribu kueleza msimamo huo kwa kufuata maisha yake, kwa sababu bila maisha yake shajara hii haisomeki vizuri.

Nilimfikia Mencken kupitia msomaji wake mmoja Mweusi. Richard Wright, katika tawasifu yake Black Boy iliyotoka mwaka 1945, anasimulia jinsi alivyokuwa kijana mfanyakazi mjini Memphis, Tennessee, akaona katika gazeti la mji huo tahariri iliyomshambulia mtu mmoja aitwaye Mencken. Wright akajiuliza: mtu huyu amefanya nini hata Wazungu wa Kusini mwa Marekani wamchukie kwa chuki ambayo kwa kawaida wameiweka kwa ajili ya watu Weusi? Maktaba ya mji haikuwaazima Weusi vitabu. Akamwomba Mzungu mmoja kazini, mtu ambaye naye alitazamwa kwa jicho baya kwa kuwa Mkatoliki, amwazime kadi yake ya maktaba. Kisha akaandika kibarua cha kughushi, kana kwamba kimeandikwa na mwenye kadi, akijitaja mwenyewe ndani yake kwa neno la matusi ambalo Wazungu waliwaitia Weusi, ili mkutubi asije akashuku kwamba aliyeshika kibarua ndiye aliyekiandika. Akapewa vitabu viwili vya Mencken. Usiku ule, chumbani kwake, alisoma na kushangaa kwamba mtu anaweza kupigana kwa maneno, kuyatumia kama mtu atumiavyo rungu. Humo alikutana pia na majina ya waandishi ambao hakuwahi kuwasikia, akaanza kuwatafuta mmoja mmoja. Tukio hilo ndilo limenifanya nimsome Mencken kwa uzito, na ndilo linalonizuia kumaliza hesabu yake kwa kurasa chache za shajara.

Alizaliwa Baltimore tarehe 12 Septemba 1880 katika ukoo wa Wamarekani wenye asili ya Kijerumani. Baba yake, August, alikuwa na kiwanda cha sigara na alitaka mwanawe mkubwa airithi biashara hiyo. Mwaka 1883 familia ilihamia nyumba ya matofali katika mtaa wa Hollins, namba 1524, iliyotazamana na bustani ya Union Square, na ukiondoa miaka ya ndoa yake, Mencken aliishi katika nyumba hiyo hadi kufa. Akiwa na umri wa miaka tisa hivi alisoma Huckleberry Finn ya Mark Twain, na utu uzimani alisema kwamba hilo lilikuwa tukio kubwa kuliko yote maishani mwake. Hakusoma chuo kikuu. Alimaliza shule ya ufundi ya Baltimore akiwa wa kwanza darasani, akaingia kiwandani kwa baba yake bila kupenda, na Januari 1899 baba yake alipofariki, mazishi hayakuwa yamepoa kabla kijana huyo wa miaka 18 hajasimama katika chumba cha habari cha gazeti la Morning Herald kuomba kazi.

Hapakuwa na nafasi. Akarudi kesho yake usiku, na usiku uliofuata, na uliofuata tena, hadi usiku mmoja wa theluji mwezi Februari, mhariri wa habari za jiji alipomtuma kitongojini kutazama kama kuna lolote. Alichorudi nacho ni habari ya sentensi moja: farasi, kigari na lijamu zake vimeibwa katika banda la mtu fulani, thamani yake jumla yapata dola 250. Asubuhi aliikuta gazetini. Mwenyewe aliisimulia habari hiyo uzeeni kwa furaha isiyofichika, na ninapenda kwamba mtu aliyekuja kuandika juu ya Nietzsche, Shaw na marais wa nchi yake alianza kwa lijamu zilizoibwa, kwa kuwa nadhani tabia yake bora yote imo katika habari ile: kitu kipo, kina bei, kimetoka mahali fulani, na mwandishi amekwenda kukitazama.

Februari 1904 moto mkubwa uliteketeza katikati ya jiji la Baltimore, na ofisi za Herald zikaungua pamoja na majengo mengine. Mencken, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 23 tu lakini amekwisha kuwa mhariri wa habari za jiji, aliitwa Jumapili asubuhi na hakuvua viatu hadi alfajiri ya Jumatano. Gazeti lilichapwa kwanza Washington, kisha Philadelphia kwa majuma kadhaa, likisafirishwa kurudi Baltimore kwa treni. Aliandika baadaye kwamba aliingia katika moto ule kijana na kutoka mtu mzima. Gazeti la Herald halikudumu. Mwaka 1906 akahamia Baltimore Sun, na magazeti ya kampuni hiyo yakawa makao yake kwa karibu maisha yote yaliyobaki.

Uhakiki wa vitabu aliuanza kwa uzito mwaka 1908, alipopewa safu ya kila mwezi katika jarida la The Smart Set. Mwaka 1914 yeye na rafiki yake George Jean Nathan, mhakiki wa tamthilia, wakawa wahariri wa jarida hilo. Fasihi ya Marekani wakati huo ilitawaliwa na maprofesa na wachungaji waliotaka riwaya iwe na adabu kwanza na ukweli baadaye, na Mencken aliwapinga mwezi baada ya mwezi. Alimtetea Theodore Dreiser tangu mapema, na mwaka 1916, watetezi wa maadili wa New York walipotaka kuizuia riwaya ya Dreiser iitwayo The "Genius", Mencken alizunguka kukusanya saini za waandishi kuipinga hatua hiyo, ingawa riwaya yenyewe aliiona mbovu na alikwisha kusema hivyo hadharani. Nalikazia jambo hilo. Mhakiki aliyekwishakiponda kitabu anatumia muda wake na jina lake ili kitabu hicho kisipigwe marufuku, na hii ni tabia adimu popote.

The Smart Set ilichapisha hadithi za James Joyce mwaka 1915, wakati Wamarekani wachache walimjua, na ndiyo iliyonunua hadithi ya kwanza ya F. Scott Fitzgerald kulipiwa. Mwaka 1924 Mencken na Nathan, wakiwa na mchapishaji Alfred A. Knopf, walianzisha The American Mercury, jarida la jalada la kijani ambalo vijana wa vyuo walilibeba kwapani ili waonekane nalo. Waandishi Weusi walipata nafasi humo: W. E. B. Du Bois, James Weldon Johnson, Countee Cullen, Langston Hughes, na zaidi ya wote George Schuyler. Hayo yanaonekana madogo leo, lakini katika miaka ile majarida makubwa ya Wazungu yaliyowapa Weusi kurasa kwa sababu ya ubora wa maandishi yao hayakuwa mengi.

Wengi humkumbuka kwa Dayton, Tennessee, Julai 1925, ambako mwalimu John Scopes alishtakiwa kwa kufundisha nadharia ya mageuzi ya viumbe, na taarifa za Mencken kutoka mahakamani zikasomwa nchi nzima. Mimi napenda zaidi kisa cha Boston cha Aprili mwaka uliofuata. Chama cha wachunga maadili wa mji huo kilikuwa kimezuia toleo la Mercury kwa sababu ya masimulizi juu ya kahaba wa mji mdogo. Mencken alipanda treni, akaenda hadi bustani ya Boston Common mbele ya umati wa watu, akamuuzia nakala moja mchungaji aliyekuwa kiongozi wa chama hicho, akaiuma sarafu aliyolipwa kuhakikisha ni halali, kisha akakamatwa kama alivyotaka. Kesho yake hakimu alimwachia. Umati ulicheka, lakini hatari ilikuwa ya kweli, kwani adhabu iliyomkabili ilikuwa faini au kifungo.

Halafu lipo suala la mauaji ya watu Weusi mikononi mwa makundi ya Wazungu. Desemba 1931 kundi la namna hiyo lilimtoa Matthew Williams hospitalini huko Salisbury, katika pwani ya mashariki ya Maryland, likamnyonga mbele ya mahakama na kuuchoma moto mwili wake. Mencken aliandika katika Evening Sun makala kali kuliko zote, akiwataja viongozi na magazeti ya eneo hilo kama washirika wa uhalifu. Jibu lilikuja upesi: wafanyabiashara wa pwani ile waliigomea Baltimore, na magari ya kusambaza magazeti ya Sun yakashambuliwa. Hakurudi nyuma hata hatua moja. Februari 1935 alikwenda Washington kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti kuunga mkono muswada wa kuyakomesha mauaji hayo kwa sheria ya nchi nzima. Muswada ulikwamishwa na maseneta wa Kusini.

Kufikia hapo shajara ilikuwa imekwisha kuanza, kwa kuwa aliianza mwishoni mwa 1930, akiwa na miaka 50. Agosti mwaka huo alikuwa amemwoa Sara Haardt, mwandishi kutoka Montgomery, Alabama, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 18 hivi, na habari hiyo ilikuwa imewashangaza wote waliosoma kejeli zake juu ya ndoa. Walihamia katika fleti ya mtaa wa Cathedral. Sara alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu kwa miaka mingi, na madaktari walikuwa wamemweleza Mencken kwamba hataishi muda mrefu. Alimwoa akilijua hilo. Sara alifariki tarehe 31 Mei 1935 kwa homa ya uti wa mgongo iliyotokana na maradhi hayo, na mwaka uliofuata Mencken akarudi mtaa wa Hollins kuishi na ndugu yake August.

Shajara yenyewe, kwa sehemu kubwa, si kitabu cha vituko. Mencken aliiandika kwa taipureta, na yaliyomo ni chakula cha mchana na wachapishaji, mikutano ya wakubwa wa Sun, nani amelewa na kusema nini, bei za haki za vitabu, mafua, koo, moyo, madaktari. Aliyaandika maradhi yake kwa umakini kama wa mtunza stoo. Majirani wapya wa mtaa wa Hollins, Wazungu maskini waliotoka milimani kufuata kazi za viwanda vya vita, anawaelezea kwa dharau isiyokuwa na punje ya huruma. Mencken anamchukia Rais Roosevelt, na chuki hiyo inaonekana kila anapomtaja. Mwaka 1941 aliacha kuandika safu yake katika Sun kwa sababu gazeti liliunga mkono kuingia vitani naye alipinga, kwa hiyo kurasa za miaka ya vita ni za mtu aliyenyamazishwa, au aliyejinyamazisha, na uchungu wake unasikika.

Katikati ya hayo upo ukurasa wa tarehe 31 Mei 1940. Anaandika kwamba Sara amefikisha miaka mitano tangu afariki, na kwamba muda huo umekwisha kuupita muda wa ndoa yao, ambayo ilidumu miaka minne na miezi tisa tu. Anashangaa jinsi mkewe alivyoacha alama nzito maishani mwake, kisha anajirekebisha na kusema si jambo la kushangaza, kwa sababu ndoa yenye furaha hushika mizizi mingi. Bado anamfikiria kila siku, na anakiri kwamba ataendelea hivyo hadi fikra na kumbukumbu zenyewe zitakapokoma. Hakuna kejeli hata moja katika ukurasa ule. Mtu aliyeandika juu ya kila kitu kwa sauti ya juu anahesabu miezi, anapiga hesabu sawasawa, na kuiacha ibaki hivyo. Katika maandishi yake yote niliyoyasoma sikumbuki mahali alipokaribia zaidi kilio.

Kurasa nyingine ndizo zilizoleta kelele. Mwaka 1943 aliandika juu ya klabu moja ya mabwana wa Baltimore kwamba zamani ilikuwa na mwanachama mmoja Myahudi, lakini baada ya huyo kufa iliamuliwa awe wa mwisho, na Mencken anaongeza, kwa utulivu kabisa, kwamba katika Baltimore nzima haonekani Myahudi mwingine anayefaa. Mwaka huo huo aliandika kwamba haiwezekani kumtia mwanamke Mweusi busara yoyote, na kwamba wote kwa asili ni kama watoto. Mara kwa mara anamtambulisha mtu kwa Uyahudi wake kabla ya kutuambia jambo lingine lolote juu yake. Na kuhusu maangamizi ya Wayahudi huko Ulaya, katika miaka ambayo yalikuwa yakitendeka na habari zake kuanza kufika Marekani, shajara imekaa kimya karibu kabisa.

Charles Fecher, aliyeihariri shajara kwa uchapishaji, alikuwa mpenzi wa Mencken kwa maisha yake yote na alikwisha kuandika kitabu cha kumsifu. Katika utangulizi alikiri wazi, bila kuzunguka, kwamba Mencken alikuwa na chuki dhidi ya Wayahudi. Naheshimu sana hatua hiyo, kwa kuwa angeweza kuzichuja kurasa zile na wachache wangejua. Swali la kama ichapishwe lilikuwa limefika hadi kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Maryland, kwa sababu Mencken alitaka karatasi zake zitumiwe na watafiti na hakutaja kitabu cha kuuzwa madukani. Jibu likawa kwamba maktaba inaruhusiwa. Kitabu kilitolewa na nyumba ya uchapishaji ya Knopf, iliyoanzishwa na Myahudi aliyekuwa rafiki wa Mencken kwa miongo kadhaa na kuvichapisha vitabu vyake vingi. Alfred Knopf alikuwa amefariki mwaka 1984. Hakukiona kikitoka.

Watetezi wa Mencken walikuja na hoja mbili, na zote mbili nazikataa. Ya kwanza ni kwamba hivyo ndivyo watu wa wakati wake walivyosema. Hoja hiyo inaangushwa na Mencken mwenyewe, ambaye alijipatia jina kwa kukataa kusema waliyosema watu wa wakati wake. Mtu aliyeweza kusimama peke yake dhidi ya pwani nzima ya Maryland hawezi kupewa ruhusa ya kujificha nyuma ya majirani. Ya pili ni kwamba alikuwa na marafiki wengi Wayahudi. Ni kweli alikuwa nao. Na mmojawapo, Philip Goodman, aliyekuwa mwandani wake wa miaka mingi, urafiki wao ulivunjika katika miaka ya 1930 kwa sababu Mencken hakutaka kuiona hatari ya Hitler kwa uzito ambao Goodman aliuona. Marafiki hao wanaithibitisha hasara, na hawaifuti.

Wala faragha haimsaidii. Hizi si karatasi zilizookotwa chini ya godoro. Mencken alikuwa mhariri hadi kwenye mifupa. Alizipanga karatasi zake, akachagua maktaba, akaweka tarehe. Alijua kwamba siku moja mtu kama mimi, mtu Mweusi, ataufungua ukurasa ule wa 1943 na kusoma anachosema juu ya wanawake wa rangi ya mama yangu. Aliuacha ubaki. Kwa hiyo ninayo haki yote ya kumjibu.

Jibu langu ni hili. Nikiziweka kurasa hizo kando ya maandishi yake mengine, naona kwamba sentensi za chuki ndizo zilizoandikwa vibaya kuliko zote. Mencken, aliyewafundisha Wamarekani kumtazama mtu aliye mbele yao kabla ya kukimbilia aina yake, humo hamtazami mtu yeyote. Hakuna uso, hakuna mkono, hakuna neno lililosemwa. Ipo aina tu, na hukumu iliyokwisha kuwa tayari kabla hajaketi mezani. Ukiulinganisha ukurasa wa wanawake Weusi na ukurasa wa Sara unaona waandishi wawili, mmoja akihesabu miezi ya mtu mmoja na mwingine akiyarudia maneno ya vibaraza vya Baltimore. Gazetini asingeweza kuandika hivyo bila kujibiwa. Alikuwa na wahariri, wasomaji waliomtukana kwa barua kila siku, wapinzani waliosubiri ateleze, na ulazima wa kuitetea kila sentensi. Ulazima huo ulimfanya afikiri. Katika shajara hapakuwa na wa kumpinga, na akili iliyozoea ugomvi ilipokosa mgomvi ilirudi kwenye uvivu wa malezi yake.

Ndiyo maana nasema Mencken wa magazeti hakuwa vazi. Yale aliyoyafanya hadharani yalimgharimu, yalihitaji kazi, na yaliwafikia watu. Mwezi Novemba 1938, siku chache baada ya maduka na masinagogi ya Wayahudi kuvunjwa na kuchomwa moto Ujerumani nzima, Mencken aliandika katika Sun kwamba huruma za maneno hazitoshi, na kwamba njia pekee ya kuwasaidia wakimbizi wa Kiyahudi ni kuwapa nchi ya kuishi. Akauliza kwa nini Marekani isiwapokee laki kadhaa kati yao, au hata wote. Serikali ya Roosevelt, ambayo Mencken aliichukia na watu wengi wema waliipenda, haikufanya hivyo. Mwandishi huyo wa 1938 na yule wa klabu ya mabwana mwaka 1943 ni mtu mmoja, na atakayemchagua mmoja wao na kumtupa mwingine ataandika wasifu wa uongo.

Makala yake ya mwisho katika Evening Sun ilitoka tarehe 9 Novemba 1948. Majira ya joto ya mwaka huo kikundi cha vijana Weusi na Wazungu walikuwa wamekamatwa kwa kucheza tenisi pamoja katika viwanja vya umma vya bustani ya Druid Hill. Mencken aliuliza wakuu wa bustani wana mamlaka gani ya kuwazuia raia huru kucheza pamoja katika uwanja wa umma kama wenyewe wamependa, akaiita amri hiyo ya kipumbavu na ya uovu, na kusema umefika wakati mabaki yote ya fikra za Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wenye chuki ya rangi, yafutwe Maryland. Wakati anaichapa makala hiyo bado alikuwa akiiandika shajara.

Wiki mbili baadaye, tarehe 23 Novemba, alipata kiharusi. Alipona mwili kiasi na akaweza kuzungumza, ingawa majina ya vitu yalimponyoka, lakini uwezo wa kusoma na kuandika haukurudi. Aliishi hivyo miaka saba. Ndugu yake August alimhudumia. Walipasua kuni uani, walikwenda sinema, walisikiliza muziki. Katibu muhtasi wake, Bibi Lohrfinck, alimsomea barua na kumsaidia kupanga karatasi, na kutoka humo kikapatikana kitabu cha tafakuri fupi kilichochapishwa mwaka aliofariki. Kijana mmoja wa Sun aliyekuja kuwa mwanahistoria mashuhuri, William Manchester, alikuwa akija kumsomea kwa sauti, na miongoni mwa vitabu alivyomsomea kilikuwemo Huckleberry Finn. Inasimuliwa kwamba alipotajiwa mtu aliyefariki mwaka 1948, Mencken alisema: naam, alikufa wakati mmoja na mimi.

Shajara haikuwa mwisho wa alichokiacha. Miswada mingine miwili ya kumbukumbu, mmoja juu ya maisha yake ya uandishi na uhariri wa majarida na mwingine juu ya miaka yake 35 ya magazeti, ilifungwa kwa miaka 35 na kufunguliwa mwaka 1991. Nayo ina kurasa za kuudhi na kurasa za kufundisha, zikiwa zimechanganyika vile vile. Atakayetaka kumwingia Mencken kwa mara ya kwanza namshauri asianze na hiyo wala na shajara. Aanze na Newspaper Days ya mwaka 1941, asome habari ya farasi aliyeibwa na habari ya moto, kisha achukue juzuu moja ya Prejudices, mfululizo wa vitabu vya insha zake, ikiwezekana ile ya pili ya mwaka 1920 yenye insha iliyoiita Kusini jangwa la sanaa, ambayo iliwaudhi Wazungu wengi wa huko na kuwapa baadhi ya vijana wao hamu ya kuandika. Halafu ndipo aifungue shajara, na aisome yote, pamoja na mwaka 1943, pamoja na tarehe 31 Mei.